Maswali ya Sheria: Daftari la Wahalifu wa Kingono na Hoja ya Usawa

SWALI: Ndugu Mwanasheria, katika mazungumzo ya walimu shuleni kwetu, mwenzetu mmoja alishikilia kwamba mahakama za Marekani zimekwisha kulifuta daftari la wahalifu wa makosa ya kingono kwa sababu linavunja usawa mbele ya sheria. Mimi hoja hiyo haikuniingia akilini. Aliyebaka ana usawa gani na mtu asiye na hatia? Je, habari hiyo ni ya kweli, na daftari letu la Kenya nalo laweza kupingwa kwa njia hiyo?
— Mwalimu, Kilifi

JIBU: Mwalimu, mwenzako ameshika nusu ya habari. Mahakama ya Juu ya Marekani haijapata kulifuta daftari hilo. Mwaka 2003, katika shauri lililotoka Alaska, ilishikilia kwamba kuandikishwa si adhabu bali ni utaratibu wa kiraia wa kulinda umma, na kwa sababu hiyo hata waliotenda makosa kabla ya sheria kutungwa waliweza kuandikishwa. Kilichofutwa kwa hoja ya usawa ni baadhi ya vifungu vya majimbo, na vilifutwa kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, ya mwaka 1868, yanayokataza jimbo kumnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria.

Wanaoshinda kwa hoja hiyo hawaji mahakamani kujilinganisha na asiye na hatia, kama ulivyodhani. Hujilinganisha na mkosaji mwenzao aliyetenda tendo lile lile, akashtakiwa kwa kifungu kingine, kisha akarudi nyumbani bila jina lake kuandikwa popote.

Louisiana ndiko lilikoonekana jambo hili waziwazi. Jimbo hilo lilikuwa na sheria ya ukahaba na, kando yake, kifungu kilichoongezwa mwaka 1982 juu ya kile kilichoitwa jinai dhidi ya maumbile, kilichomhusu mtu aliyekubali kufanya ngono ya mdomo au ya njia ya nyuma kwa malipo. Tendo hilo liliangukia pia katika sheria ya ukahaba, kwa hiyo ni polisi na mwendesha mashtaka waliochagua mtuhumiwa ashtakiwe kwa kipi. Aliyeshtakiwa kwa ukahaba hakuandikishwa. Wa pili aliingia daftarini kwa miaka 15 au zaidi, akawekwa pamoja na wabakaji na walionajisi watoto, ingawa hakumlazimisha mtu wala hakumgusa mtoto. Leseni yake ya udereva ilichapwa, kwa herufi kubwa za rangi ya chungwa, maneno ya kumtaja kuwa mhalifu wa kingono, na hiyo ndiyo kadi aliyoitoa benki, dukani na kila alikoomba kazi au nyumba ya kupanga. Majirani nao aliwapelekea kadi za posta za kujitambulisha, kwa gharama yake mwenyewe. Mjini New Orleans wengi wa walioandikishwa kwa kifungu hicho walikuwa wanawake weusi na maskini.

Mwaka 2011 watunga sheria walisawazisha mambo kwa wale watakaotiwa hatiani baadaye, wakawaacha wa zamani daftarini. Tisa kati ya hao wa zamani walikuwa wamekwisha kwenda mahakamani mapema mwaka huo, kwa majina ya kubuni. Machi 2012, Jaji Martin Feldman wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba jimbo limeshindwa kutoa hata sababu moja ya maana ya kuwatofautisha na waliohukumiwa kwa ukahaba. Mwaka uliofuata, baada ya shauri la pili kumalizika kwa makubaliano, watu wapatao 700 waliondolewa daftarini. Hatia zao hazikufutwa.

Ushindi wa namna hiyo ni nadra. Wahalifu wa kingono si kundi ambalo Katiba ya Marekani inalilinda kwa ukali, kama inavyofanya pale sheria inapobagua rangi, na kwa hiyo jimbo linatakiwa tu kuonyesha sababu yoyote yenye mantiki, hata kama waliotunga sheria hawakuwa nayo akilini. Tazama California. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliona kuna ubaguzi, kwa kuwa mtu mzima aliyefanya ngono ya mdomo na kijana wa miaka 16 aliyeridhia alilazimika kuandikishwa maisha, ilhali aliyefanya naye ngono ya kawaida aliachiwa uamuzi wa jaji. Mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo ikajikosoa, majaji wawili kati ya saba wakipinga. Sababu iliyokubaliwa ni kwamba ngono ya kawaida yaweza kuleta mimba, na baba aliyeandikishwa atapata shida kupata kazi ya kumlea mtoto wake. Kwangu mimi sababu hiyo imetafutwa kwa tochi, lakini kwa kipimo kilichotumika ilitosha. Bunge la jimbo ndilo lililoondoa tofauti hiyo kwa sheria ya mwaka 2020, iliyompa jaji hiari katika hali zote mbili, mradi kijana awe na miaka 14 au zaidi na umri wao usipishane kwa zaidi ya miaka 10.

Sasa nije kwetu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 39, inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu atunze daftari la waliotiwa hatiani, na Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Hoja ya usawa juu ya sheria hiyo imewahi kufikishwa Mahakama Kuu ya Eldoret, ingawa si juu ya daftari. Mvulana wa miaka 16 aliyeshtakiwa kwa kumnajisi msichana wa rika lake alilalamika kwamba wote wawili ni watoto na wote waliridhia, lakini yeye peke yake ndiye aliyepandishwa kizimbani. Mwaka 2014 ombi lake lilikataliwa, kwa kuwa kifungu chenyewe kinasema mtu yeyote, awe wa kiume au wa kike. Uchaguzi wa nani ashtakiwe, ambao ndio uliowaponza wale wanawake wa Louisiana, ungali mikononi mwa polisi na mwendesha mashtaka, na anayetaka kulipinga daftari letu kwa Ibara ya 27 ningemshauri aanzie hapo.