Semina ya lishe: washa jiko kwanza

Mwalimu, umesema semina ya lishe mliyoitisha muhula uliopita shuleni kwenu hapa Kisumu ilileta wazazi tisa tu, na wengine wakaondoka kabla haijaisha. Siwalaumu. Ya kwetu ya kwanza ilikuwa vivyo hivyo: saa mbili za chati ya protini na wanga, mama mmoja mbele yangu akisinzia, mtoto mgongoni.

Mara ya pili tuliwasha jiko la makaa chini ya mwembe. Omena (dagaa wa ziwani), nyanya, kitunguu, osuga (mboga ya mnavu) na ugali wa mtama. Harufu ilipotoka, watu walisogeza viti wenyewe. Omena huliwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata kalisi, madini ya kujenga mifupa. Mboga ukiikamulia ndimu, mwili hunyonya madini ya chuma vizuri zaidi. Chai nayo isubiri, isinywewe na chakula, maana hupunguza unyonyaji huo. Hilo la chai ndilo lililozua ubishi!

Jumapili iepuke, wengi wako kanisani au soko la Kibuye. Iunganishe na siku ya wazazi kuchukua ripoti. Afisa wa lishe wa kaunti ndogo aandikiwe barua mapema, ila mpe nusu saa tu. Mwiko ashike mama anayesifika mtaani kwa mapishi. Kina baba waalike kwa majina, pesa ya soko mara nyingi hutoka kwao. Na kabla ya kuonja, uliza nani samaki humdhuru.