Mshipa wa mtoto uangalie kwanza, ndo uchome

Nipo nyumbani Tanga likizo, jana usiku nimekaa barazani hapa Ngamiani ikaingia meseji ya kijana mmoja anasomea udaktari wa usingizi, wa kulaza wagonjwa wa upasuaji, kamchoma mtoto shingoni mara nne akitafuta mshipa wa kuwekea mpira wa muda mrefu wa kupitishia dawa, kakosa, na bosi wake kamsema mbele za watu. Mdogo wangu, nimeisoma mara tatu maana mi nshapita hapo hapo.

Miaka sita nyuma nililetewa mtoto wa miaka miwili ana saratani ya damu, mishipa ya mikono yote imeharibika kwa kanula. Ultrasaundi ilikuwepo chumba cha pili, nikasema haina haja, wiki ile nilikuwa nshaweka mipira mitatu kwa kupapasa tu nikajiona nimefika. Mchomo wa kwanza hamna kitu, wa pili hamna, wa tatu damu ikaja nyekundu inaruka, yani nimeingia kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na shingo ikavimba huku nimeikandamiza kwa kidole. Nikatoka nje kumwambia mama yake, kabla sijafungua mdomo akafungua pindo la kanga akatoa elfu mbili, "Dokta, sindano zimekwisha? Nikanunue nyingine?"

Ile elfu mbili mpaka leo naiona.

Tangu siku hiyo sichomi bila kuangalia. Wiki iliyopita kabla sijapanda basi kuja huku nimemuwekea mtoto wa miaka 4 kwa mchomo mmoja, na nasema wazi najivunia, maana ni kazi ya miaka. Weka ultrasaundi pande zote mbili za shingo kabla hujavaa glavu, mtoto aliyewahi kuwekewa mpira mshipa unaweza kuwa umeziba kwa damu iliyoganda. Probu, kile kichwa cha ultrasaundi, iguse tu, usikandamize, mshipa wa mtoto unalala bapa huuoni tena. Upande wa kulia ndo kwanza, njia imenyooka kwenda kwenye moyo. Kichwa kiwe chini kidogo hewa isiingie. Na waya wa kuongozea mpira usiuachie, hata kama simu ya mkuu wa hospitali inaita, kisha eksirei uhakikishe ncha ya mpira imekaa pale mshipa mkubwa wa juu unapoingia moyoni.

Hii mipira ya muda mrefu inayoitwa Broviac na Hickman ina pete ya kitambaa chini ya ngozi, nyama inachukua wiki kadhaa kuishika, kwa hiyo mwanzoni ni nyuzi tu zimeshikilia, mwambieni mama asiuvute akimvua mtoto nguo. Manesi nao wasugue mdomo wa mpira sekunde 15 kabla ya kila dawa, na kuusafisha mpira watumie bomba la sindano la mililita 10, lile dogo linasukuma kwa nguvu mpira unapasuka. Jamani mtoto hana mishipa ya akiba ya kujifunzia, acheni kushindana nani kachoma haraka.

Wewe ulieniandikia, nipo hapa mpaka Jumapili. Omba ruhusa ya mashine, nitakuja nilale kitandani uitafute mishipa ya shingo yangu na probu mpaka mkono uzoee.