Ufunguo wa laptopu yako uko kwa nani?

Wiki hii karibu maswali yote ni ya laptopu zilizojifunga. Nimechukua sita.

"Dada, laptopu imefanya apudeti usiku, asubuhi skrini ya buluu yataka namba ya tarakimu 48. Fundi wa Mwembe Tayari asema kwa elfu tatu ataifungua bila namba. Nimpe?" (Kisauni)

Usimpe. Hakuna fundi wa kuivunja BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, kwa elfu tatu, atakachofanya ni kufomati, laptopu itawaka vizuri tu lakini kazi zako zote zishakwenda na pesa umetoa. Chukua simu, ingia akaunti yako ya Microsoft kupitia aka.ms/myrecoverykey, utakuta namba zenyewe, makundi 8 ya tarakimu 6. Pale kwenye skrini ya buluu pana Key ID, hakikisha herufi 8 za mwanzo zinalingana na za kwenye akaunti, manake mwenye laptopu mbili anaweza kushinda anajaza namba za laptopu nyengine.

Sasa hapo kwenye "akaunti yako" ndipo panaponiuma. Watu wengi huku wananunua laptopu dukani ishawekwa kila kitu, muuzaji katumia imeili yake ili amalize haraka, na tangu Windows 11 toleo la 24H2 lililotoka 2024, laptopu nyingi zikisetiwa upya na akaunti ya Microsoft diski inafungwa yenyewe, ufunguo unakwenda kwenye akaunti ile iliyotumika. Yani mwenye duka ndiye mwenye ufunguo wa nyumba yako. Kama umenunua hivyo nenda leo, duka likiwa bado lipo na simu yake bado inashikwa.

"Mimi sijawahi kuwasha BitLocker, itakuwaje imejifunga?" (Bamburi)

Soma jibu la juu. Hili nalijibu kila mwezi jamani.

"Nikiuweka ufunguo kwenye programu ya kutunza paswadi, mwizi akiingia humo si kapata kila kitu?" (Tudor)

Uweke humo humo. Namba zile 48 peke yake hazifungui kitu mpaka mtu awe na diski yenyewe mkononi, kwa hivyo mwizi wa mtandaoni aliye mbali hazimfai, na yule aliyekupokonya begi kwenye matatu hana paswadi zako. La kuogopa ni paswadi kuu nyepesi, ile inayofungua programu yenyewe. Mwaka 2022 LastPass, wenye programu kama hiyo, waliibiwa nakala za masanduku ya paswadi ya wateja, adresi za tovuti zilikuwa wazi, paswadi na noti zilikuwa zimefungwa, na kilichobaki kumlinda mtu ni ile paswadi kuu aliyojichagulia mwenyewe. Sasa wewe kama yako ni jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, badilisha kabla hujamaliza kusoma, weka maneno matano au sita yasiyohusiana.

Lakini kosa ninaloliona zaidi ni jengine. Mtu ana KeePassXC, programu ya paswadi inayotunza kila kitu kwenye faili moja, kaweka ufunguo ndani, kafanya sawa kabisa, ukimuuliza faili lenyewe liko wapi, liko desktopu ya laptopu ileile! Siku ikijifunga, ufunguo umefungiwa ndani na yeye yuko nje. Faili liwe na kopi kwenye simu na kwenye fleshi. Wa Bitwarden nanyi, wenye programu ya paswadi ya mtandaoni, ile kodi (recovery code) ya kuingilia ukipoteza hatua ya pili andikeni karatasini, manake simu ikinyakuliwa yenye programu ya kodi mtabaki mlangoni vilevile.

Na ukiuweka upe jina la kueleweka, "Dell ya kazini, diski C", chini yake Key ID na tarehe. Noti imeandikwa "namba muhimu" tu, miaka miwili baadaye hata wewe huijui ni ya nini.

"Picha kwenye simu haitoshi?" (Likoni)

Haitoshi. Wala usijitumie WhatsApp.

"Na karatasi je?" (Mtwapa)

Karatasi ndiyo, kama kopi ya pili. Iweke ndani ya plastiki kwa sababu ya unyevu wetu huu, kabatini kwa mama, isikae kwenye begi la laptopu. Usiende kuprinti saiba, faili litabaki kwenye kompyuta yao. Andika kwa kalamu, kisha kagua, kila kundi la tarakimu 6 lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, mfano 135795 ni 11 mara 12345. Likibakisha, umekosea kunakili. Na ufunguo sio bekapu, diski ikifa namba hazitafufua picha za harusi.

"Fundi aliomba ufunguo baada ya kubadilisha madabodi, nikampa. Kuna ubaya?" (Nyali)

Hapo alikuwa na haki ya kuuomba, chipu ya TPM, inayoifungulia diski kila ukiwasha, imeondoka na madabodi ya zamani kwa hivyo lazima diski iulize. Ila ufunguo aliouona mtu mwengine si siri tena. Fungua Command Prompt kama admini, andika manage-bde -protectors -delete C: -type RecoveryPassword, halafu papo hapo manage-bde -protectors -add C: -RecoveryPassword. Namba mpya zitatokea kwenye skrini, zinakili kwenye programu yako ya paswadi kabla hujafunga dirisha, na ile karatasi ya kwa mama ichane uandike nyengine siku hiyohiyo.