Kabla ya Kulipia Jina la Kikoa, Muulize Msajili Utaondokaje Kwake

Katika mwaka wangu wa tatu wa kutengeneza tovuti, mwenye kampuni ndogo ya utalii mjini Moshi alinijia akitaka tovuti yake ihamishiwe kwenye seva nyingine, yaani kompyuta nyingine ya kuihifadhi. Niliikadiria kazi hiyo kuwa ya siku mbili, lakini ilituchukua miezi minne, kwa sababu jina la .com alilolitumia kwa miaka sita, ambalo lilikuwa limechorwa kwenye milango ya magari yake na kuchapwa kwenye kila kadi aliyowahi kumpa mgeni, halikuwa lake. Kijana aliyemtengenezea tovuti ya kwanza alilisajili kwa jina na barua pepe yake mwenyewe, akawa analilipia kila mwaka na kudai fedha zake baadaye, kisha akaenda kuishi nje ya nchi na kubadili namba ya simu. Hapakuwa na wizi hata kidogo. Palikuwa na uzembe wa watu wawili, na wakala wa usajili ambaye simu yake iliita bila kupokelewa.

Nawaandikia ninyi mnaoingia katika kazi hii, ambao karibuni mtaulizwa na wateja swali linaloonekana jepesi: jina tulisajili wapi? Wengi hulijibu kwa kutazama bei, au kwa kufuata tangazo lililojitokeza kwanza walipotafuta. Mimi nimejizoeza kuanza na swali jingine, yaani siku nikitaka kuondoka kwa msajili huyu, yaani kampuni inayoniandikishia jina, nitaondokaje, kwani majibu ya swali hilo hufichua karibu kila kitu kingine kinachofaa kujulikana juu yake.

Kwanza lazima ieleweke ni nini kinachouzwa. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, au domeni kama wengi wetu tunavyosema, halinunuliwi likawa lako daima. Hukodishwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwa majina ya .com muda wa juu kabisa ni miaka 10. Juu yupo mwenye rejista, anayetunza orodha kuu ya majina yote ya aina moja, ambaye kwa .com ni kampuni ya Verisign ya Marekani, na kwa .ke ni KENIC. Chini yake wapo wasajili walioidhinishwa kuingiza majina katika rejista hiyo. Chini zaidi wapo mawakala, ambao huuza kwa mgongo wa msajili fulani na mara nyingi hawamtaji. Duka nyingi zinazouza majina na nafasi ya seva mijini kwetu zipo katika tabaka hili la tatu. Kuwa wakala si kosa, na wapo mawakala wanaohudumia wateja vizuri kuliko wasajili wakubwa. Kosa ni mteja kutojua kwamba kati yake na rejista kuna watu wawili, na kwamba wa karibu naye akifunga duka atalazimika kumtafuta yule wa nyuma.

Kwa hiyo muulize muuzaji waziwazi: wewe ni msajili au wakala, na kama ni wakala, wa nani? Kisha usiridhike na jibu lake. Kwa majina ya kimataifa kama .com, .org na .net, ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998 kusimamia mfumo wa majina ya intaneti, huchapisha orodha ya wasajili wote iliowaidhinisha, na yeyote anaweza kuisoma bure. Kwa majina ya nchi kama .tz na .ke, orodha hiyo hutolewa na wasimamizi wa rejista ya nchi husika. Ukitafuta taarifa za jina lolote la .com ambalo tayari limesajiliwa, utaona pia limesajiliwa kupitia kwa nani, na hapo ndipo jina la msajili halisi wa wakala wako litakapojitokeza hata kama yeye hakulitaja.

Hata hivyo, idhini peke yake haitoshi. Mwaka 2007 msajili wa Marekani aliyeitwa RegisterFly, aliyekuwa na idhini kamili, alisambaratika baada ya wateja kulalamika kwamba walilipia kuhuisha majina, yaani kuyaongezea muda, lakini majina hayakuhuishwa. ICANN ilimfutia idhini, na majina yaliyobaki yakahamishiwa kwa msajili mwingine, GoDaddy. Kutokana na mkasa huo, utaratibu wa kuwataka wasajili waweke nakala ya taarifa za wateja wao kwa mtunzaji wa nje ulianza kutekelezwa kwa dhati, ili msajili akianguka ijulikane jina ni la nani. Lakini nakala hiyo humlinda yule ambaye jina lake limeandikwa humo. Mteja wangu wa Moshi asingesaidiwa nayo hata kidogo, kwa kuwa kumbukumbu zote zilimtaja yule kijana.

Juu ya bei nitasema machache. Septemba 2024 Verisign ilianza kumtoza msajili dola 10.26 kwa kila jina la .com kwa mwaka, kabla msajili hajalipa mshahara wa mtu yeyote. Anayekuuzia jina hilo kwa dola moja anauza kwa hasara, na hasara hiyo ataifidia mahali fulani: kwenye bei ya mwaka wa pili, kwenye ada ya kuficha taarifa zako, au kwenye huduma ndogondogo zilizowekewa alama ya kukubali kabla hujazisoma. Tafuta bei ya kuhuisha, si ya kusajili. Ikiwa huioni kwenye ukurasa wa bei, hilo ni jibu tayari. Na jina la bure linalotolewa pamoja na nafasi ya seva lisomee masharti mara mbili, maana mara nyingine ubure wake huisha siku unapoiacha seva hiyo.

Sasa tuje kwenye kuondoka. Ili jina la .com lihamie kwa msajili mwingine, kufuli lake, yaani alama inayozuia lisihamishwe, hufunguliwa, na mwenye jina hupewa msimbo wa uhamisho anaoupeleka kwa msajili mpya. Msajili mzuri hukuruhusu kufanya mambo hayo mawili mwenyewe ndani ya akaunti, wakati wowote, bila kumwomba mtu. Msajili wa wasiwasi hukuambia uandike barua, ulipe ada ya kutoka, au usubiri meneja arudi kutoka safari. Kanuni za ICANN zinamtaka msajili atoe msimbo huo ndani ya siku 5 tangu mwenye jina aombe ikiwa hawezi kuuchukua mwenyewe, na kumzuia mwenye jina asihame kwa sababu tu hajalipia mwaka unaokuja hakuruhusiwi. Kizuizi halali kinachowashangaza wengi ni cha siku 60: jina lililosajiliwa au kuhamishwa karibuni linaweza kukataliwa kuhama hadi siku hizo zipite, kwa hiyo usimpangie mteja uhamisho katika miezi miwili ya kwanza. Mimi kabla ya kumpendekeza msajili yeyote husajili kwake jina moja la majaribio, nikalisubirisha siku hizo, kisha nikalihamisha. Jaribio hilo ni la gharama ndogo na limeniokoa zaidi ya mara moja.

Jambo la pili linalompima msajili ni siku jina linapoisha muda. Kwa majina ya kimataifa, msajili anapaswa kukukumbusha takriban mwezi mmoja kabla, tena takriban wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya muda kupita. Baada ya hapo wasajili wengi huacha kipindi cha kuhuisha kwa bei ya kawaida, lakini urefu wake hutofautiana sana, na wengine huanza kulinadi jina mapema kabla halijafutwa. Likishafutwa huwa na siku 30 za kukombolewa, kwa ada ambayo kwa kawaida ni mara kadhaa ya ada ya mwaka, halafu siku 5 za mwisho ambazo hakuna anayeweza kuligusa, kisha hurudi sokoni kwa yeyote. Soma masharti ya msajili wako ujue kila hatua kwake huchukua siku ngapi na hugharimu kiasi gani.

Wala usidhani hayo huwapata wanyonge pekee. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1999 Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililotumika kuingiza watu kwenye huduma ya Hotmail, hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta nchini Marekani alipolipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe na huduma ikarejea. Sisi hatuna mtu wa kutulipia sikukuu.

Vikumbusho hivi vyote hutumwa kwa barua pepe, na hapa upo mtego ninaoukuta kila mwaka: anwani iliyoandikwa kwa msajili ni ya jina lilelile lililosajiliwa. Jina likizimika, barua pepe nayo huzimika, na onyo huenda mahali pasipo na msomaji. Andika anwani iliyo nje ya jina hilo, ya ofisi na si ya mfanyakazi mmoja, na uithibitishe mapema, kwani kwa .com anwani isiyothibitishwa ndani ya siku 15 humlazimu msajili kuchukua hatua inayoweza kulisimamisha jina.

Mengineyo ni ya kawaida. Akaunti iwe na uthibitishaji wa hatua mbili. Njia ya malipo iwe ile ambayo mteja anaweza kuitumia mwenyewe. Msajili wa nje asiyepokea ila kadi ya benki ni tatizo kwa chama cha ushirika kinacholipa kwa M-Pesa. Watumie wahudumu wa msajili swali la kiufundi siku ya Jumamosi kabla hujalipa, uone nani anajibu na baada ya saa ngapi.

Yule kijana tulimpata hatimaye kupitia shangazi yake wa Marangu. Alikumbuka nywila yake kwa jaribio la tatu, akaomba radhi, akautuma msimbo wa uhamisho kwa WhatsApp, na siku ya sita jina likawa kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa jina la kampuni, kwa barua pepe ya mkurugenzi, huku mimi nikiwa nimekaa pembeni bila kugusa kibodi.