Maswali ya wasomaji: kodi ya mshahara, kikokotoo na mgomo wa kupinga sera

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wafanyakazi, na zinahoji maamuzi ya uchumi yanayogusa mifuko yao. Tumejibu kwa tarakimu na kwa vifungu vya sheria, maana chama kinachokwenda mezani bila hivyo hurudi mikono mitupu.

Swali: Mei Mosi ya 2025 kule Singida Rais alitangaza kwamba kima cha chini serikalini kitapanda kutoka Sh 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mimi ni mhudumu wa ofisi. Nyongeza niliyoiona mkononi haifiki 130,000. Nyingine imekwenda wapi? (Msomaji, Dodoma)

Ndugu msomaji, chukua slipu yako ya Juni 2025 na ya Julai, uziweke pamoja. Kwenye 370,000 ilitoka kwanza 5% ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yaani 18,500, ikabaki 351,500. Kodi ya mshahara haigusi 270,000 za mwanzo, na kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa 8%. Kwa hiyo zilizotozwa ni 81,500, na kodi yake Sh 6,520. Ongeza bima ya afya ya NHIF 3%, ambayo ni 11,100, na ada ya chama 7,400 kama chama chako hukata 2%. Mkononi ulibaki na 326,480.

Kwenye 500,000, PSSSF ni 25,000, kodi 16,400, bima 15,000, chama 10,000. Mkononi ni 433,600. Nyongeza halisi ni 107,120. Kama una mkopo wa elimu ya juu unaokatwa 15%, toa 19,500 nyingine, ubaki na 87,620.

Angalia mstari wa kodi. Mshahara umepanda kwa 35.1%, kodi imepanda mara mbili na nusu. Hakuna aliyeongeza viwango. Kilichotokea ni kwamba kiwango kisichotozwa kodi, 270,000, kiliwekwa Julai 2020 na hakikusogea mshahara uliposogea. Hoja ya chama chako basi isiwe "punguzeni kodi", maneno ambayo kila mwaka hupigiwa makofi uwanjani na kuishia hapohapo. Iwe "sogezeni 270,000", na itaje kiasi. Mstari ukiwekwa kwenye 350,000, kwa mfano, kodi yako ingeshuka hadi Sh 10,000. Hiyo ni hoja ambayo mtu wa Hazina hawezi kuijibu kwa hotuba. Itabidi naye atoe hesabu.

Swali: Sisi ni tawi la chama kiwandani. Wanachama wanataka tugome kupinga kodi hiyohiyo. Mwajiri anasema yeye hakuweka kodi, hivyo mgomo wowote wa namna hiyo ni haramu. Ana haki? (Katibu wa tawi, Morogoro)

Ana haki nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inatenganisha mambo mawili ambayo vyama vingi huyachanganya, na kuyachanganya huko ndiko kunakovunja migomo mingi kabla haijaanza.

Mgomo wa kawaida, ulio katika kifungu cha 80, ni wa mgogoro wa maslahi kati yenu na mwajiri: nyongeza, posho, saa za kazi. Mnaujaza katika Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mnasubiri siku 30 za usuluhishi, mnapiga kura kwa utaratibu wa katiba ya chama, na wengi kati ya waliopiga kura wakikubali mnampa mwajiri notisi ya saa 48. Kodi ya serikali haiingii hapa, kwa sababu mwajiri hana uwezo wa kuwapa mnachodai.

Lakini kipo kifungu cha 85, na hicho ndicho mwajiri wenu hakukitaja. Kinaruhusu wafanyakazi kusimamisha kazi, yote au sehemu yake, kutetea maslahi yao ya kiuchumi na kijamii. Tuuite mgomo wa kupinga sera. Masharti yake ni haya. Uitishwe na chama kilichosajiliwa au shirikisho lililosajiliwa, si kamati ya watu waliokutana kantini. Notisi ipelekwe kwa Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, LESCO, ambamo hukaa serikali, waajiri, wafanyakazi na wataalamu. Notisi itaje sababu, muda na namna ya mgomo. Zipite siku 30 tangu Baraza lilipopokea, kisha itolewe notisi ya kuanza isiyopungua siku 14. Ndani ya zile 30 Baraza linapaswa kuitisha kikao cha kutafuta suluhu, na suluhu ikishindikana, kukubaliana nanyi muda na namna ya mgomo ili madhara yawe madogo.

Migomo hii huharibika katika sehemu nne. Ya kwanza, barua inapelekwa kwa meneja badala ya LESCO. Ya pili, barua inasema "tutagoma mpaka kieleweke". Huo si muda. Andikeni siku moja, au saa nne kila asubuhi kwa siku tatu, na mtaje tarehe. Ya tatu, mnabandika humohumo madai ya malimbikizo ya ovataimu. Jambo lenye njia yake mahakamani au CMA halifai kuwa sababu ya mgomo huu, na likiingia linaichafua notisi nzima. Ya nne, watu wanajipanga getini kuzuia wenzao na magari. Kuweka ulinzi wa wagomaji getini, kumfungia mwajiri ndani au kumzuia asiingie ni marufuku hata pale mgomo wenyewe ulipo halali. Fanyeni yote sawasawa, na hamwezi kufukuzwa kazi wala kushtakiwa kwa kuvunja mkataba. Mshahara wa siku za mgomo, mwajiri halazimiki kuulipa.

Sasa kalenda, ambayo ndiyo huumiza zaidi. Bajeti husomwa katikati ya Juni na Sheria ya Fedha huanza Julai 1. Siku 30 na 14 ni 44, na hatushauri mziendeshe kwa pamoja, maana mwenye kutaka zuio Mahakama ya Kazi ataanzia hapo. Ukirudi nyuma siku 44 kutoka Julai 1 unaangukia Mei 18. Chama kinachosubiri hotuba ya Waziri ndipo kianze kuandika barua kimeshachelewa kwa mwezi mzima. Mapendekezo ya kodi yapelekeni Wizara ya Fedha miezi ya mwisho wa mwaka unaotangulia, na Muswada wa Fedha ukishasomwa nendeni mbele ya Kamati ya Bunge ya Bajeti mkiwa na jedwali la ukurasa mmoja.

Mwaka 2010 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, lilitangaza mgomo wa nchi nzima kuanzia Mei 5, likidai kima cha chini cha Sh 315,000. Mei 3 Rais Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akasema serikali haina uwezo huo na kwamba mgomo ni batili. Haukufanyika. Dai lilikuwa na wafuasi kila mkoa, lakini mabishano ya siku zile yakahama kutoka kwenye mshahara yakaenda kwenye uhalali wa mgomo, na hapo serikali ilikuwa na nafasi nzuri zaidi.

Jambo dogo la mwisho: nakala ya kila notisi igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa. Msipeleke notisi ya saa 48 Ijumaa jioni, mkahesabu Jumamosi na Jumapili. Pelekeni Jumatatu asubuhi.

Swali: Mimi ni mwalimu, nastaafu karibuni. Nasikia kikokotoo cha pensheni kimepandishwa hadi 40%. Mbona wenzangu bado wanalalamika? (Mwalimu, Iringa)

Mwalimu, shikamoo. Wanalalamika kwa haki, ila wengi wanalalamikia tarakimu isiyo yenyewe.

Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikaweka 25% iwe mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa mara moja mtu anapostaafu. Kelele zilikuwa kubwa. Desemba 28, 2018, Rais Magufuli alirudisha vikokotoo vya zamani hadi 2023. Julai 2022 kikaja cha 33% kwa wote. Bajeti ya 2024 ikapandisha: waliokuwa na 50% zamani, kama wa PSPF na LAPF, wapate 40%, na waliokuwa na 25% wapate 35%.

Chukua mtumishi wa PSPF mwenye mshahara wa Sh 1,000,000 na miaka 30 kazini, yaani miezi 360. Mshahara wa mwaka ni milioni 12. Zamani unazidisha kwa 360, unagawa kwa 540, unapata pensheni ya mwaka ya 8,000,000. Nusu yake inazidishwa kwa 15.5 kuwa mkupuo: Sh 62,000,000. Nusu nyingine inagawiwa kwa 12 kuwa pensheni ya kila mwezi: 333,333.

Sasa kigawanyo ni 580, na mshahara unaotumika ni wastani wa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Tukiuacha palepale kwenye milioni 12, pensheni ya mwaka inakuwa 7,448,276. Mkupuo wa 40% unazidishwa kwa 12.5, si 15.5: Sh 37,241,379. Kwa mwezi ni 372,414.

Mkupuo umepungua kwa Sh 24,758,621. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa 39,081. Gawanya: inahitajika miezi 633 kurudisha kilichopungua, karibu miaka 53. Mwalimu anayestaafu na miaka 60 hawezi kukubali hesabu hiyo, na asiitwe mkaidi kwa kuikataa.

Vyama vimetumia nguvu nyingi kwenye asilimia. Lakini hata ukirudishiwa 50% leo, kwa 580 na 12.5 mkupuo ungekuwa 46,551,724. Bado zinapungua zaidi ya milioni 15. Zimemezwa na kigawanyo na kile kizidisho, ambacho maana yake ni kwamba kila shilingi ya pensheni ya mwaka unayoiuza kwa mkupuo hununuliwa kwa Sh 12.50 badala ya 15.50. Tungependa kuwaona viongozi wa vyama wakiomba ripoti ya tathmini ya mfuko, kisha wazungumzie namba hizo mbili.

Na wasiache deni. Watumishi wa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia, lakini mfuko uliwalipa kwa niaba ya serikali. Desemba 2021 serikali ilitoa hati fungani maalumu ya takriban Sh trilioni 2.17 kwa PSSSF kupunguza deni hilo. Mkiambiwa mfuko hauna uwezo, swali la kwanza ni serikali imebakiza kiasi gani na italipa lini.

Swali: Mimi ni muuguzi. Kifungu cha 85 kinanihusu? (Msomaji, Mbeya)

Hapana. Afya na maabara zake, maji na usafi wa mazingira, umeme, zimamoto na uongozaji ndege ni huduma muhimu, na walio humo hawaingii katika migomo hii isipokuwa kwa makubaliano maalumu yanayotambuliwa na sheria. Chama chenu kinaweza kutia sahihi mapendekezo ya shirikisho na kwenda Bungeni. Watumishi wa umma wengine wasome pia Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya 2003, na walio Zanzibar wana sheria zao za kazi.

Swali: Hapa Kenya katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COTU, aliunga mkono ushuru wa nyumba wa 1.5%, na mimi nilikuwa naupinga. Nikijiondoa chamani, makato yatakoma? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yetu, hayatakoma. Mahakama Kuu iliubatilisha ushuru ule Novemba 28, 2023, lakini ulirudi kwa sheria mpya ya nyumba iliyotiwa sahihi Machi 2024, na kila mwenye mshahara anakatwa, awe mwanachama au la. Ukijiondoa kwa barua kwa mwajiri, kinachokoma ni ada ya chama kuanzia mwezi unaofuata. Hata hivyo, kama kazini kwenu kuna mkataba wa pamoja, unaweza kukatwa ada ya wasio wanachama. Utakuwa umelipa na kura huna. Sisi tungebaki, tukapigania uchaguzi wa tawi, kwa sababu matawi ndiyo yanayozaa wajumbe wa juu.

Wakati huohuo kagua slipu. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ushuru wa nyumba na mchango wa bima ya afya, SHIF, hutolewa kabla ya kukokotoa kodi ya mshahara, PAYE. Kwa mshahara wa Sh 40,000 hizo ni 600 na 1,100. Ofisi ikisahau kuzitoa kwanza, unalipa kodi ya ziada ya Sh 510 kila mwezi.

Swali: Mimi si mwanachama lakini nakatwa "ada ya uwakala". Je, fedha hizo zinaweza kwenda kwenye siasa? (Msomaji, Tanga)

Haziwezi. Sheria ya Tanzania inataka ada ya uwakala isizidi ada ya mwanachama, iwekwe katika akaunti yake ya pekee, itumike kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi, na isichangie chama cha siasa. Omba taarifa ya akaunti hiyo kwa maandishi. Mwajiri naye anapokata ada za wanachama ana siku saba baada ya mwezi kuisha kuziwasilisha. Akizikalia bila sababu ya msingi, anadaiwa 5% ya kiasi hicho kwa kila siku aliyochelewa. Mweka hazina wa tawi ahesabu kuanzia tarehe 8.