Uliza Bibi Hansadi: Ziwa lilifungwa, Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa wapi?

Kwa mnaosoma safu hii kwa mara ya kwanza: jina la Hansadi nilipewa na wajukuu. Nilikuwa mwandishi wa Taarifa Rasmi ya Bunge, yaani Hansadi, kule Dodoma, enzi za ukumbi wa Msekwa, na nikaendelea kidogo baada ya kuhamia ukumbi mpya mwaka 2006. Kazi yangu ilikuwa kuvaa visikilizio, kusikiliza Waheshimiwa na kupiga chapa kila walichosema, hata kikohozi ikibidi. Sasa niko Ujiji, na redio yangu, na barua zenu.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mama lishe wa zamani, sasa nauza dagaa mwalo wa Kibirizi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa tusivue kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, tukaambiwa ni makubaliano na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia ili samaki wazaliane. Sawa. Lakini kama ni mambo ya nchi za nje, mbona kila aliyekuja kuzungumza nasi ni wa uvuvi? Siku ya bajeti ya Mambo ya Nje nilikaa na redio, maana sikuwa na cha kuanika. Nikasikia New York, nikasikia Beijing, betri zikaisha kabla sijasikia dagaa. Huyu waziri kazi yake bungeni ni ipi hasa?*

Marahaba mwanangu. Pole kwa betri.

Waziri wa Mambo ya Nje mfananishe na mshenga. Mshenga ndiye anayekwenda ukweni, anajua maneno ya kusema na ya kumeza, anarudi na jibu. Lakini ndoa ikishafungwa, chumvi ikipungua kwenye mchuzi hawamwiti mshenga. Makubaliano ya nchi nne juu ya Ziwa Tanganyika yakishafikiwa, nyumba ni ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Wao ndio wenye sheria ya uvuvi na doria, na wao ndio wa kujibu bungeni nyavu zikikamatwa.

Si kwenye samaki peke yake. Mnakumbuka Juni 10, 2023, Bunge lilipopitisha azimio la kuridhia mkataba wa bandari kati yetu na Dubai? Mkataba wa nchi na nchi kabisa, lakini aliyeuleta mezani alikuwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Profesa Makame Mbarawa. Hata ule mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya, ambao Bunge liliujadili Novemba 2016 na kuishauri Serikali isiusaini, ulikuwa wa wizara ya biashara kwanza. Kwa hiyo mtu akitaka kufuatilia mambo yetu na nchi za nje kwa kumsikiliza waziri mmoja, atakosa nusu ya habari, na mara nyingi ni ile nusu inayofika sokoni Mwanga, hapa Kigoma.

Sasa nikujibu ulichouliza. Sera yenyewe ya mambo ya nje ni ya Serikali chini ya Rais. Tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwaka 2001, ile ya diplomasia ya uchumi, na toleo lake jipya lilizinduliwa Mei 2025. Waziri haji bungeni kuomba aruhusiwe kuwa na msimamo. Anakuja kuueleza, kuutetea, na kuombea fedha. Lakini Katiba, ibara ya 63(3), imewapa wabunge vishikio. Wanaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote la umma lililo katika wajibu wake, wanajadili utekelezaji wa wizara yake kila mkutano wa bajeti, na mikataba ambayo masharti yake yanataka kuridhiwa lazima ipite kwao. Kabla ya ukumbini kuna Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, wenyewe wanaiita NUU. Huko ndiko waziri anakoulizwa yale ambayo redio yako haitayapata hata ukiweka betri mpya.

Siku yake kubwa ni siku ya bajeti. Sisi waandishi tulikuwa tunaiogopa siku hiyo, kwa sababu ya majina. Bajeti ya Kilimo unaandika pamba, tumbaku, korosho, unalala usingizi mnono. Ya Mambo ya Nje, Mheshimiwa mmoja anatamka Ouagadougou mara tatu kwa namna tatu, na wewe umebanwa na zamu, unamgusa mwenzako bega: "Hii inaandikwaje?" Naye kavaa visikilizio vyake hasikii. Tulikuwa na ramani ya Afrika imebandikwa ukutani, imechakaa kwa vidole.

Hotuba ina mpangilio ambao ukishaujua hutasinzia. Inaanza na pole na pongezi. Inafuata hali ya dunia, na hapo unaweza kwenda kuteka maji. Kisha uhusiano wetu na nchi mbalimbali, na hapo rudi haraka, maana majirani ni hapo. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), Umoja wa Afrika, Umoja wa Mataifa. Mwisho kabisa maombi ya fedha na "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja." Baadaye wanachangia wabunge, na jioni waziri anahitimisha. Kuhitimisha ndiyo sehemu niliyoipenda mimi, kwa sababu pale hasomi alichoandikiwa wiki iliyopita. Anajibu. Tatizo ni kwamba zamani alianza kwa kuwataja majina wote waliochangia kwa kuzungumza, kisha wote waliochangia kwa maandishi, na muda ukaliwa na majina. Nimepiga chapa orodha hizo mpaka vidole vikafa ganzi.

Mimi nasikiliza kitu kimoja. Waziri akisema "Serikali inaendelea kulifanyia kazi kwa njia za kidiplomasia", jua hujajibiwa. Si kwamba anadanganya. Pengine mazungumzo yapo kweli na akiyataja yanaharibika. Lakini jibu lenye mwezi ndani yake na jibu lisilo na mwezi si ndugu.

Na kuna siku mshenga mwenyewe anasimama mbele. Agosti 2012, Bernard Membe, waziri wa wakati huo, alilieleza Bunge mvutano wetu na Malawi juu ya Ziwa Nyasa. Sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji. Wenzetu wanashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 unaouweka ufukweni kwetu, yaani mtoto wa Mbamba Bay akioga ameshavuka mpaka. Hapo hakuna waziri wa uvuvi wa kumsogezea. Kila neno linasikika Lilongwe siku hiyo hiyo, na waziri analijua hilo kuliko mbunge anayempigia makofi.

Ningekuwa wewe, ningemfuata mbunge nimpe maswali mawili tofauti. La doria na nyavu aliulize Uvuvi. Kwa Mambo ya Nje aulize hili tu: je, nchi zote nne zilifunga siku zile zile, na nani alihakikisha?

*Bibi, sisi tuko Uvinza kwenye chumvi. Mwenzangu anasema mbunge akisema "nashika shilingi" waziri anakatwa mshahara kweli. Mimi nasema ni maneno tu. Tumewekeana soda.*

Soda mnunuliane nusu kwa nusu.

Baada ya waziri kuhitimisha, Bunge zima linageuka kuwa Kamati ya Matumizi. Spika anashuka cheo kidogo, anaitwa Mwenyekiti, na nusu ya wabunge wanasahau wanaendelea kumwita Spika. Katibu anasoma vifungu vya fedha kimoja kimoja. Wakifika kwenye kile chenye mshahara wa waziri, wanaohitaji maelezo ya sera wanasimama. Mbunge anasema: Mheshimiwa Mwenyekiti, sijaridhika na jambo fulani, nisipopata maelezo nakusudia kuondoa shilingi. Ni shilingi moja kweli, katika mshahara ule. Waziri anajibu. Mbunge akiridhika, anairudisha. Asiporidhika anatoa hoja, wenzake wanasimama kumuunga mkono, inajadiliwa, kisha kura ya ndiyo na siyo.

Kwa hiyo hoja ikishinda, shilingi inaondoka kweli, na hapo mwenzako yuko sahihi. Lakini mara nyingi haiondoki, maana chama chenye Serikali ndicho chenye wabunge wengi, na hapo wewe uko sahihi. Faida yake ni kwamba inamlazimisha waziri ajibu jambo moja, la mtu mmoja, papo hapo. Niliwahi kuandika mzozo wa shilingi moja uliochukua muda mrefu kuliko mabilioni yote yaliyofuata. Muda ukiisha inakuja gilotini: vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo bila maelezo. Mbunge aliyechelewa kusimama anabaki na karatasi yake mkononi.

*Naomba msaada, niko kidato cha nne hapa Tabora mjini. Mwalimu wa Uraia anasema waziri lazima awe mbunge. Lakini mawaziri wa mambo ya nje wengi naona ni mabalozi, hawajagombea jimbo lolote. Nani kakosea?*

Mwalimu wako hajakosea, wala wewe. Ibara ya 55(4) inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Ila ibara ya 66 inampa Rais nafasi ya kuteua wabunge wasiozidi kumi. Anamteua balozi kuwa mbunge, kisha anamteua kuwa waziri. Augustine Mahiga aliingia hivyo mwaka 2015, baada ya kutuwakilisha Umoja wa Mataifa. Liberata Mulamula hivyo hivyo mwaka 2021. Alikuwa balozi wetu Marekani. Stergomena Tax alitoka kuwa Katibu Mtendaji wa SADC. Wengine walikuwa na majimbo: Membe alikuwa wa Mtama, Kikwete wa Chalinze alipoishika wizara hiyo kwa miaka kumi.

Lipi bora? Kwenye mtihani andika faida na hasara. Mimi nakuambia nilichosikia masikioni. Balozi anaongea sentensi zinazokwisha. Mwandishi wa Hansadi anamshukuru Mungu. Lakini akiulizwa mpaka wetu na Burundi pale Manyovu una shida gani, anajibu kama mtu aliyesoma taarifa ya Manyovu. Mwenye jimbo anajua Jumamosi atakutana na mtu msibani atakayemuuliza tena. Ukibanwa na wakaguzi kwamba haya hayamo kitabuni, sema bibi mmoja wa Ujiji.

*Mimi ni mkulima Kasulu, jirani na kambi ya Nyarugusu. Nina maelezo marefu kuhusu wakimbizi, kurasa sita nimezibana humu. Bibi nifikishie kwa Waziri wa Mambo ya Nje ayasome bungeni.*

Nimezisoma zote sita, na ile ya nyuma yenye hesabu ya mihogo. Wakimbizi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo hata ningekuwa na njia ya kumfikia wa Nje angekuelekeza jirani. Yeye anaingia pale tunapozungumza na Burundi au Kongo juu ya watu wao kurudi.

Na waziri hasomi barua ya mtu bungeni. Mbunge wako ndiye anauliza, na swali la bungeni ni mistari michache. Akishajibiwa anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Nimechukua ukurasa wa tatu, pale unapouliza nani analipa shamba likiharibiwa, nikaupunguza ukawa sentensi mbili. Nimekurudishia kwenye bahasha ile ile, pamoja na kurasa zako. Ile ya mihogo itunze.