Usikimbilie kuongeza ringi ya VM, kwanza angalia nani anamwamsha nani

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naangalia seva za kampuni moja, na kati ya hizo kulikuwa na VM (kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa ndani ya seva halisi) mbili za DNS, zile zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, juu ya KVM ambayo ni sehemu ya Linux inayoendesha VM. Kila ikifika saa moja jioni mpaka kama saa nne usiku, watu wamesharudi nyumbani na kila mmoja yuko kwenye simu yake, majibu yanaanza kupotea. Sio yote, machache tu, lakini swali la DNS likipotea simu ya mteja inakaa sekunde kadhaa kabla ya kuuliza tena, kwaiyo yeye kwake mtandao umekufa na anapiga simu kulalamika. Tukaongeza RAM, wapi. Tukaongeza vCPU, yaani prosesa za VM, kutoka 2 mpaka 4, wapi. Ukiingia ndani ya VM unakuta wastani wa CPU ni kama robo tu, na kwenye `ip -s link` hamna pakiti hata moja iliyodondoka.

Zilikuwa zinadondoka upande wa hosti, ile seva halisi iliyobeba VM, kwenye `vnet0` ambayo ni ncha ya hosti ya kadi ya mtandao ya VM, na zinahesabiwa kwenye mstari wa TX (zinazotumwa). Hapo wengi wanapita bila kuona, sababu ukisikia VM haipokei pakiti akili inakimbilia RX (zinazopokelewa), wakati TX ya hosti ndio RX ya VM. Kama una tatizo linalofanana na hili sasa hivi anza hapo, kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Ushauri wa kwanza tuliopewa ulikuwa ongeza ukubwa wa ringi, ile foleni ya nafasi ambayo hosti na VM wanapokezana pakiti. Nikafanya, kutoka nafasi 256 kwenda 1024, drop (pakiti zinazodondoka) zikapungua, baada ya muda wateja wakaongezeka na drop zikarudi palepale. Ndo nikaamua kukaa chini nielewe hii ringi inafanyaje kazi, na nataka nikueleze vizuri, maana ukishaelewa huna haja ya kukariri setingi za mtu mwingine.

Chukulia bomba la maji la mtaani. Wewe una madumu, muuza maji ana bomba. Asubuhi unapanga madumu yako matupu kwenye foleni unaondoka zako. Muuza maji anajaza moja moja, likijaa analisogeza upande wa pili, alafu anakubipu. Bipu haina maneno ndani yake, haisemi dumu gani wala lita ngapi, inasema tu njoo uangalie. Virtio, ambayo ndio njia ya VM na hosti kupitishiana data kwa ringi, iko hivyohivyo kabisa: VM ambayo ndio mgeni inapanga sehemu tupu za kumbukumbu yake, hosti ambayo ndio mwenyeji inazijaza na kuzirudisha, na kuna orodha mbili, moja ya madumu matupu inaitwa available, nyingine ya yaliyojaa inaitwa used. Kwenye kutuma pakiti ni kinyume, unapeleka yaliyojaa unarudishiwa matupu. Madumu yenyewe hayahami popote, yanabaki kwenye kumbukumbu ya mgeni, kinachopita kwenye ringi ni namba tu.

Na hizo namba ni ndogo mno. Ringi ya nafasi 256 ina jedwali la deskripta, yaani maelezo ya kila dumu, kila deskripta ni baiti 16 (anwani baiti 8, urefu 4, bendera 2, na namba ya deskripta inayofuata 2), jumla baiti 4,096. Available inachukua baiti 518, used inachukua 2,054. Yaani mawasiliano yote ya kadi ya mtandao kwa upande mmoja yanakaa ndani ya baiti 6,668. Mi napenda sana huu muundo. Watu wa Xen, mfumo mwingine wa kuendesha VM, walishaonyesha wazo hili mwaka 2003 kwenye andiko lao kutoka Cambridge, ringi moja yenye maswali na majibu humohumo na alama nne za kuonyesha nani amefika wapi. Mwaka 2008 Rusty Russell, aliyekuwa IBM, akaleta virtio kwenye Linux na akatenganisha: available anaiandika mgeni peke yake, used anaiandika mwenyeji peke yake. Hakuna sehemu ambayo wote wawili wanaandika, na ndio maana hakuna haja ya kufuli.

Sasa rudi kwenye DNS zangu. Ringi usiipime kwa nafasi, ipime kwa muda. Mafuriko ya pakiti 100,000 kwa sekunde yakija, nafasi 256 zinakupa milisekunde 2.56. Nyuma yake kuna foleni ya tap (ndio ile `vnet0`) kwenye hosti ambayo kawaida ni pakiti 1,000, hiyo inakuongezea milisekunde 10. Basi. Mgeni akichelewa kurudisha madumu matupu kwa zaidi ya milisekunde 12 na nusu, maji yanamwagika. Ukiweka 1024 unapata kama milisekunde 20. Ni nafuu, ila swali la maana linabaki kwa nini mgeni anachelewa?

Nikafungua `top` ndani ya VM nikabonyeza 1 ili nione kila vCPU kivyake. vCPU 0 ilikuwa 100 na karibu yote ni `si`, yaani muda wa kushughulikia kazi zinazoletwa na bipu kama pakiti, zile tatu zimekaa tu. Ule wastani wa robo ulikuwa unatudanganya siku zote. Nikaenda `/proc/interrupts`, ambako bipu zinahesabiwa kwa kila vCPU, mstari wa `virtio0-input.0` namba zote ziko kwenye safu ya kwanza. Yaani muuza maji anajaza vizuri ila anambipu mtoto mmoja tu wa nyumba nzima, na huyo mtoto ameshachoka. Tena kwenye `top` hiyohiyo ile `st` ilikuwa inapanda mpaka tarakimu mbili, maana yake hosti ilikuwa imepakiwa VM nyingi kuliko uwezo wake, kwaiyo kuna muda vCPU 0 inataka kufanya kazi na haipewi prosesa.

Tulichofanya ni kuhamisha VM mbili zenye fujo kwenda hosti nyingine, alafu kwenye libvirt (programu ya kusimamia VM) tukaweka `queues='4'` kwenye mstari wa driver wa ile kadi, ili iwe na foleni nne na bipu zigawanywe kwa vCPU zote, na kwa kuwa VM ilikuwa na kerneli (kiini cha Linux) ya zamani ikabidi ndani yake tumalizie na `ethtool -L eth0 combined 4`. Drop zikaisha jioni ileile. 1024 tuliiacha, haina ubaya, ila sio iliyotuponya.

Baada ya hapo nilishikwa na hamu nikaandika diski ya VM ya kwangu, programu ndogo ya C inayosoma ringi ya virtio-blk (virtio ya diski) na kujibu kutoka kwenye faili. Hapo ndo nilijifunza kwamba ugumu wa hii kitu uko kwenye bipu, kupitisha data ni rahisi. Bipu ni ghali, mgeni akimbipu mwenyeji prosesa inabidi itoke kwenye VM iingie kwenye KVM alafu irudi, kwaiyo kuna bendera ya kusema "niko macho, usinibipu". Mwenyeji akiwa na kazi anaiweka, akimaliza kazi anaitoa alafu analala.

Angalia kinachoweza kutokea hapo. Mwenyeji anasoma idx ya available, ile hesabu ya kazi zilizowekwa, anaona 41, anajua kazi zimeisha. Kabla hajatoa bendera, mgeni anaweka kazi mpya, anapandisha idx iwe 42, anatazama bendera, inasema usinibipu, basi habipu. Mwenyeji sasa anatoa bendera na kulala. Mgeni anasubiri jibu, mwenyeji anasubiri bipu, wote wawili wako sahihi na diski imeganda.

Dawa yake inajulikana, ukishatoa bendera soma idx tena kabla hujalala. Mi niliiweka hiyo tangu siku ya kwanza, na bado VM ilikuwa inaganda, sio kila saa, ni mara moja baada ya siku moja au mbili za kazi nzito. Dalili yake ilikuwa hii, ikumbuke maana itakuokolea siku nyingi: ukifungua terminal nyingine ukapiga `ls` kwenye diski hiyohiyo, kila kitu kinaamka na ile kazi ya zamani inajibiwa. Kazi mpya ikiamsha kazi iliyoganda, ni bipu iliyopotea. Usihangaike na faili wala diski ya chini.

Sababu ni kwamba prosesa haifuati mpangilio ulioandika. Watu wanasema x86 (prosesa za Intel na AMD) iko salama, ni ARM (kama za simu) tu ndio ya kuogopa, na kwa sehemu kubwa ni kweli, ila kuna mpangilio mmoja ambao hata x86 inaruhusiwa kuupindua: kuandika sehemu moja alafu kusoma sehemu nyingine. Inaweza ikasoma kwanza huku ulichoandika bado kiko kwenye foleni yake ya ndani, hakijaonekana kwa prosesa nyingine. Na ukitazama, pande zote mbili za ringi zinafanya hichohicho, andika changu alafu soma chako. Kwaiyo mimi natoa bendera na kusoma idx, ila idx inasomwa kabla bendera haijaonekana kutoka, tunarudi palepale. Nilichokosa ni mstari mmoja katikati, `atomic_thread_fence(memory_order_seq_cst)`, ambao kwenye kerneli ni `smp_mb()`, kizuizi kinachoilazimisha prosesa ionyeshe ulichoandika kabla ya kusoma. Nilipouweka VM ikakaa wiki tatu bila kuganda nikaacha kuhesabu. Kama unaandika mwenyewe, weka kizuizi hicho pande zote mbili, na kabla ya kupandisha idx weka kingine cha kuandika ili namba isionekane kabla ya deskripta yake, hicho ukikisahau x86 itakusamehe lakini ARM haikusamehi.

Kitu kingine kidogo ila kinauma. Hiyo idx ni ya biti 16 na hairudi sifuri ikifika mwisho wa ringi, inaendelea mpaka 65,535 ndo inarudi 0, wewe unachukua `idx & 255` kupata nafasi. Ukiandika `if (last < idx)` programu itafanya kazi vizuri kabisa mpaka kazi ya 65,536 alafu itasimama. Linganisha kwa kutoa, `(uint16_t)(idx - last)`, ndio idadi ya kazi zinazosubiri. Na usiache kujaribu kwa makusudi, ni rahisi: `dd if=/dev/vdb of=/dev/null bs=4k count=70000 iflag=direct`. Hiyo `direct` ni lazima, bila hiyo kerneli itaunganisha vipande na hutafika hata karibu na hiyo namba.

La mwisho nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wanaliruka. Kumbukumbu ya ringi mnashirikiana, maana yake mgeni anaweza kubadilisha deskripta wakati wewe mwenyeji unaisoma. Ukikagua urefu humohumo kwenye ringi, ukaona baiti 512, ukaendelea, ukausoma tena wakati wa kunakili, mara ya pili inaweza kuwa baiti milioni. Desemba 2015 Xen walitoa tangazo la usalama namba XSA-155 kwa jambo hilihili, na sehemu ya tatizo ilikuwa kompaila: aliyeandika kodi ya programu alisoma mara moja, kompaila ikaona ni nafuu kusoma mara mbili. Kwaiyo nakili deskripta nzima kwenda kwenye kigezo (variable) chako, kwenye C tumia `volatile` au `READ_ONCE` ili kompaila isikuzunguke, kagua nakala, tumia nakala, usirudi tena kwenye ringi. Na upande wa mgeni fanya hivyohivyo, maana siku hizi kuna AMD SEV na Intel TDX, teknolojia za kuificha kumbukumbu ya VM, ambapo VM haitakiwi kumwamini hata hosti aliyembeba. Ukiwa na ringi ya 256 na used ikakurudishia namba 300, usiitafutie maana, funga hiyo kadi hapohapo na andika kwenye logi.